Nafunga Jumatatu na Alhamisi, mbona mizani haisogei?

Swali: Asalaam alaykum daktari. Nina miaka 44, naishi Tanga. Uzito wangu ni kilo 84, kimo sentimita 158. Mwaka huu nilipima sukari kabla ya kula ikasoma 6.5 (milimoli kwa lita), nikaambiwa niko mpakani mwa kisukari na nipunguze uzito. Nina presha pia, natumia amlodipini na haidroklorothiazidi. Kwa miezi mitatu sasa nafunga Jumatatu na Alhamisi, kwa sunna na kwa ajili ya afya, lakini mizani haisogei. Nafuturu kama kawaida yetu: uji, tende, mihogo ya nazi au magimbi, sambusa, kalimati. Saa nne usiku nakula wali ndiyo daku yangu, maana siwezi kuamka alfajiri. Mwenzangu kazini hufunga siku tatu kwa maji matupu, anasema mwili unatoa sumu na seli mbovu zinaliwa. Nimfuate? Mama yangu, miaka 68, mwenye kisukari mwaka wa tisa huu, ameanza kufunga pamoja nami. Anameza glibenklamidi na metformini. Alhamisi iliyopita alasiri alitoka jasho akawa anaongea maneno yasiyoeleweka, tukampa chai akakaa sawa. Nadhani ni joto.

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Umeniuliza habari ya mizani, na nitaifikia. Ila sentensi mbili za mwisho za barua yako ndizo zilizonifanya nikujibu leo leo.

Lile halikuwa joto. Mtu anayetumia glibenklamidi akitoka jasho alasiri ya saumu, akachanganya maneno, kisha akapata nafuu mara tu baada ya chai yenye sukari, huyo sukari yake ilishuka. Kidonge hiki hulisukuma kongosho litoe insulini, awe mtu amekula au hajala. Siku za kawaida chakula cha mchana huja kukutana na insulini hiyo. Siku ya saumu haji mtu kuipokea, nayo huendelea kuondoa sukari kwenye damu hadi ubongo unakosa chakula chake. Kwa mtu wa umri wa mama hatari inazidi, kwa sababu figo zikishachoka dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri glibenklamidi isitumike kwa wenye miaka 60 na kuendelea. Kama ni lazima wapewe dawa ya jamii hiyo, basi iwe gliklazidi. Metformini haina tabia hii. Yenyewe hulizuia ini lisimwage sukari kupita kiasi, na ikitumika peke yake ni nadra sana kuishusha sukari hadi kwenye hatari.

Utafiti mkubwa wa EPIDIAR, uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi na kuwafuatilia wagonjwa wa kisukari zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba katika Ramadhani visa vya sukari kushuka vibaya viliongezeka mara 7.5 kwa wenye kisukari cha aina ya pili, ambacho bila shaka ndicho cha mama. Nami nimewapokea wazee wa namna hii jioni nyingi. Huletwa na watoto wao wakisema mzee amechoka, mzee amepigwa na jua, mwingine wakidhani amepatwa na kiharusi. Ukipima, sukari ni 2 na kitu. Nakuomba usiichukue Alhamisi ile kama jambo lililopita.

Kwa hiyo, kwanza: mama asifunge tena mpaka aonane na daktari wake. Wala asiache vidonge kwa uamuzi wake ili apate kufunga, kwa sababu sukari itapanda upande wa pili. Mpeleke kliniki na maboksi yote ya dawa, mweleze daktari kilichotokea, saa ngapi, na ilichukua muda gani kutulia. Muulize mambo mawili: je, glibenklamidi inaweza kubadilishwa, na figo zake zikoje. Huenda baada ya dawa kubadilishwa na vipimo kutulia akaruhusiwa kufunga akiwa na mashine ya kupimia sukari nyumbani. Miongozo ya kisukari na Ramadhani inasema mgonjwa afungue mara moja akikuta chini ya 3.9 au juu ya 16.6, hata kama magharibi imebaki nusu saa, na kwamba kutoboa kidole kupima sukari hakuharibu saumu. Nalisema hili kwa sababu wazee wengi hukataa kupimwa mchana wakiogopa tone la damu.

Ikitokea tena, iwe siku ya saumu au nyingine, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Isiwe ile isiyo na sukari. Pima baada ya dakika 15, rudia ikiwa bado iko chini, halafu apate chakula. Kwa anayetumia glibenklamidi usiishie hapo, mpeleke hospitali, kwa maana sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye akiwa amelala. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Mwenye kutoa fatwa ni sheikh wenu, si mimi. Lakini wewe mwenyewe unajua kwamba Jumatatu na Alhamisi ni sunna, na kwamba hata Ramadhani yenyewe, ambayo ni fardhi, aya ya 184 ya Suratul-Baqara imemtaja mgonjwa na kumpa ruhusa. Mwambie mama hivyo kwa upole. Wazazi wetu wengi huona aibu kula wakati wengine nyumbani wamefunga, na aibu hiyo imewafikisha wengi wodini.

Sasa tuje kwako.

Ili uelewe kwa nini mizani imekaa palepale, fuata siku yako moja ya saumu. Umekula wali saa nne usiku, ukalala. Kwa saa nne tano mwili unatumia kilichomo tumboni na matumboni. Kikiisha, ini hufungua ghala lake la wanga uitwao glikojeni, kama gramu 100 hivi, na kuachia sukari kidogo kidogo. Ghala hilo huweza kukuvusha takribani siku nzima. Kadiri linavyopungua ndivyo mafuta ya mwili yanavyobeba sehemu kubwa ya kazi, na ini likaanza kuyageuza mafuta hayo kuwa ketoni. Zamani madaktari waliamini kuwa ubongo hauishi bila sukari. Mwaka 1967 huko Boston, Oliver Owen, George Cahill na wenzao waliwapima watu waliokuwa wamefunga wiki kadhaa, wakaonyesha kwamba ubongo wao ulikuwa ukila ketoni. Mwenyezi Mungu ametuumba na akiba, na njia ya kuitumia.

Kwa hiyo kufunga kwako si bure hata kidogo. Kufikia adhana ya magharibi ghala la ini limepungua sana, insulini iko chini, mafuta yanaungua. Hapo ndipo tamaa ya njaa na desturi zetu hukutana mezani.

Hebu tuihesabu futari. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Sambusa tatu na bakuli dogo la kalimati hunywa vijiko kadhaa vya mafuta, na kalimati zimeogelea shira juu yake. Tui zito la nazi ni mafuta pia, tena mazuri kwa ladha, ila ni mafuta. Mihogo na magimbi ni wanga, uji wanga, tende sukari, na kama kuna juisi ya ukwaju iliyokolezwa, sukari nyingine tena. Mwanamke wa umbo lako anahitaji kama kalori 1,800 hadi 2,000 kwa siku nzima. Futari ya namna hiyo peke yake inaweza kuzikaribia zote, na wali wa saa nne bado haujaja. Sikulaumu, maana futari ni mapenzi ya nyumbani, na mwenye kukaanga sambusa jua likizama anakaanga kwa ajili ya watu wake. Lakini mwili haujui kwamba ulifunga. Unajua umeletewa nini na saa ngapi.

Hata ukirekebisha, usitegemee miujiza. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takribani kalori 7,700. Ukipunguza kalori 500 katika kila siku ya saumu, kwa siku mbili za wiki ni 1,000. Kilo moja itahitaji karibu wiki nane. Wengi hukata tamaa wiki ya tatu wakidhani saumu haifanyi kazi, kumbe ni hesabu tu inayokwenda polepole. Hata Ramadhani nzima, tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha watu hupungua wastani wa kilo moja hivi, na wengi huirudisha ndani ya wiki chache baada ya Idi.

Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa habari za kufunga hawalisemi. Kufunga kunapopunguza uzito, kunafanya hivyo kwa kupunguza jumla ya chakula. Huko Guangzhou, China, watu 139 wenye unene uliopitiliza walifuatiliwa mwaka mzima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Wote walipunguziwa chakula kwa kiasi kilekile, ila nusu yao walitakiwa wale kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Waliofuata saa walipungua wastani wa kilo 8.0, wasiofuata saa kilo 6.3, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu. Mimi nausoma utafiti huu hivi: kama kufunga kunakurahisishia kula kidogo, funga. Kama kunakufanya ule kama mtu aliyetoka kifungoni, kutakunenepesha.

Saa ya kula nayo ina uzito wake, hasa kwa mtu wa mpakani kama wewe. Mwaka 2018 huko Marekani wanaume wanane waliokuwa mpakani mwa kisukari walikula milo yao yote ndani ya saa sita za mwanzo wa siku, kwa wiki tano. Uzito wao haukubadilika, kwa sababu walipewa chakula cha kutosha, lakini insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi na presha ikashuka. Watu wanane ni wachache mno, sitajenga nyumba juu yao. Ila yanaendana na ninayoyaona kliniki: sahani ileile ya wali ikiliwa saa nne usiku huacha sukari juu asubuhi kuliko ikiliwa saa kumi na mbili jioni. Jioni mwili wetu huishughulikia sukari kwa shida zaidi kuliko asubuhi.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu kwako hauanzi na Jumatatu wala Alhamisi. Unaanza na zile siku tano nyingine. Kula chakula cha jioni saa kumi na mbili na nusu, funga jiko, na usitie kitu kinywani isipokuwa maji mpaka saa mbili asubuhi. Hiyo ni saumu ya saa kumi na tatu na nusu, karibu sawa na saumu ya mchana ya huku kwetu jirani na ikweta, na sehemu kubwa yake umelala. Hakuna anayeiona wala kuipongeza, na pengine ndiyo maana watu hawaipendi. Wiki ya kwanza njaa itakubishia hodi saa tatu usiku, kwa kuwa homoni ya njaa hupanda kwa mazoea, saa zile ulizoizoesha chakula. Usipoijibu hushuka yenyewe. Baada ya siku kadhaa huacha kuja.

Jumatatu na Alhamisi ziendelee kama ibada yako inavyotaka, ila badilisha ncha zake mbili. Jioni fungua kwa maji na tende moja hadi tatu, na bakuli dogo la uji wa pilipili manga usiotiwa sukari, kisha ukaswali. Hizo dakika za sala ni dawa, zinaupa ubongo nafasi ya kupata habari kwamba chakula kimeingia. Ukirudi, kula mlo mmoja wa kweli: nusu ya sahani mchicha, matembele au kisamvu, robo samaki au kunde au choroko, na robo iliyobaki ndiyo mihogo yako ya nazi. Mihogo ikiwepo, wali na chapati zisubiri siku nyingine. Sambusa na kalimati ziwe za Ijumaa au wageni wakija. Ukiona unawapikia watoto na huwezi kujizuia, kula moja ukiwa umekaa, usile nne ukiwa umesimama jikoni.

Wali wa saa nne usiku uache kabisa. Hiyo siyo daku, ni chakula cha pili cha usiku. Daku ya kweli ni ile ya karibu na alfajiri, na ndivyo sunna inavyotaka icheleweshwe. Najua kuamka ni kazi. Ukiamka robo saa tu kabla ya adhana ukala yai na maharage, au uji wa ulezi na kunde za jana, ukanywa glasi mbili za maji, mchana wako utakuwa mwepesi kuliko ulivyozoea. Siku usiyoweza kuamka, nywa maji ya kutosha kabla ya kulala na uridhike na ulichofuturu.

Kuhusu presha: haidroklorothiazidi hutoa maji na chumvi mwilini, na saumu yako haina maji mchana kutwa, tena kwa joto la Tanga. Ukiona kizunguzungu unaposimama kutoka kwenye rukuu au sijida, pima presha, na muulize daktari wako kama dawa hiyo inahitaji kupunguzwa au kuhamishiwa saa nyingine. Usiiache mwenyewe. Uzito ukishuka presha nayo kwa kawaida hushuka, na hapo dozi inaweza kupitiwa upya.

Ongeza na kutembea. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye watu 3,234 waliokuwa mpakani kama wewe, ulilitaka kundi moja lao lipunguze asilimia 7 ya uzito na litembee dakika 150 kwa wiki. Walioingia kisukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake, na waliishinda hata metformini. Kwako asilimia 7 ni karibu kilo sita. Huna haja ya kurudi kilo za usichana.

Limebaki la mwenzako wa kazini. Hapana, usimfuate.

Nitaanza na sumu. Ini na figo huondoa taka za mwili kila saa, umekula ama hujala, na hakuna sumu inayowekwa akiba kusubiri siku tatu za maji. Hilo la seli kujila lina ukweli ndani yake, linaitwa autofagia, na Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza linavyofanyika. Lakini kazi yake aliifanya kwenye chachu ya mikate, jamaa ya hamira unayoumulia maandazi. Ni kweli chachu ikinyimwa chakula hujila sehemu zilizochakaa. Kwa binadamu aliye hai hatuna kipimo cha kawaida cha kukwambia kwamba saa ya 16 au ya 72 usafi umeanza. Anayekutajia saa kamili anakisia.

Kilo mbili tatu anazozipoteza siku tatu hizo nyingi ni maji. Kila gramu ya glikojeni hukaa na kama gramu tatu za maji, ghala likiisha maji hutoka nalo, na akila wali hurudi nalo. Sehemu nyingine ni misuli, ambayo katika umri wetu huo kuirudisha si rahisi. Watu humtaja Angus Barbieri, yule Mskoti aliyekaa siku 382 bila chakula mwaka 1965 hadi 1966, akatoka kilo 207 hadi 82. Ni kisa cha kweli. Alikuwa chini ya madaktari wa Dundee, akipimwa damu na kupewa vitamini na madini. Wagonjwa wengine waliofungishwa hivyo hospitalini miaka ileile walikufa. Na wewe una dawa ya kutoa maji inayopunguza potasiamu, madini ambayo mapigo ya moyo huyategemea. Kuongezea siku tatu za maji juu yake ni kuuchezea moyo.

Akiwa ameshaanza na hataki kuacha, basi angalau mwambie asifungue kwa sahani ya pilau. Mwili uliokaa bila chakula siku kadhaa ukipokea wanga mwingi kwa ghafla huvuta madini ya fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kwa kasi, na kwa mtu aliyedhoofu hilo limewahi kuua. Supu nyepesi, tunda, uji kidogo, kisha apande taratibu. Na kama ni mjamzito, ananyonyesha, ana selimundu, ana tatizo la figo, au anatumia insulini, mwambie aje kuonana na daktari leo, kabla ya siku ya pili.

Ukianza wiki hii, pima kiuno na uzito Jumamosi asubuhi, uandike kwenye daftari, usipime tena mpaka wiki nane zipite. Baada ya miezi mitatu rudia sukari ya kabla ya kula, na ukiweza, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Niandikie majibu. Ila kabla ya yako, niandikie aliyosema daktari wa mama.